Bila Mkia Simjui: Siku Tisa na Watu wa Mifupa, Arusha

Jumamosi

Basi limetuacha Arusha saa moja usiku, vumbi la Same likiwa bado masikioni. Julai hii ya Arusha haina huruma na mtu wa Dar. Nimevaa sweta juu ya sweta na meno yanagongana.

Tuko sita. Daktari, mwalimu wetu, ndiye mwenye mradi wa kusoma mifupa ya wanyama wa kale na ndiye mwenye bahasha ya vibali, kitu anacholala nacho chini ya mto. Dereva alitangulia na gari. Sisi wengine wanne ni wanafunzi, na majina tuliyopewa na wazazi hayatumiki huku. Kila mtu anaitwa kwa mnyama anayemsoma. Kuna Tembo, dada mwembamba kuliko wote, anayesoma magego ya tembo wa kale. Kuna Panya, ambaye kazi yake ni kuchekecha udongo kutafuta meno madogo kama punje za mchele. Kuna Nguruwe, kijana wa Tanga, Mwislamu safi, anayejua meno ya nguruwe waliokufa miaka milioni 2 iliyopita kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Akiulizwa inakuwaje, jibu lake ni moja: "Huyo si nguruwe tena, huyo ni jiwe." Yeye ni mtu wa swala tano, mimi ni Swala mmoja tu, maana nasoma vifundo vya miguu ya swala.

Nyumba tuliyopanga iko upande wa Sakina. Ugali, maharage, kulala.

Jumapili

Daktari ametugawia kazi kabla ya chai. Hakuna kwenda korongo la Oldupai, kule Ngorongoro, kutazama visukuku, yaani mifupa ya kale iliyogeuka mawe, kabla ya kila mtu kutafuta mifupa mibichi ya mnyama wa leo anayefanana na wake. Kabati letu la kulinganishia kule chuoni lina mapengo mengi, na kisukuku hakijitambulishi. Unakiokota, unakiweka karibu na mfupa wa mnyama unayemjua, unaangalia wapi vinakubaliana na wapi vinagombana. Bila huo mfupa wa pili unakisia tu.

Nikaenda bucha moja la Mbauda.

"Habari za kazi, kaka."

"Salama, dada. Nikupimie kilo ngapi?"

"Sitaki nyama. Nataka mifupa."

"Ya supu?"

"Ya kusoma."

Akaweka kisu chini. Akamwita mwenzake aliyekuwa nyuma: "Chalii, njoo usikie huku."

Nikamweleza. Ninachotaka ni kifupa kimoja kilicho ndani ya kifundo cha mguu wa nyuma, pale ambapo mguu wa mbuzi unapinda kinyumenyume na watu husema goti limegeuzwa. Wataalamu hukiita astragalasi. Kila mnyama ana viwili tu, cha kushoto na cha kulia, na ndiyo maana tunakipenda: ukifukua mahali ukakuta vitano vya kushoto vya ng'ombe, unajua ng'ombe waliokufa pale hawapungui watano. Halafu ni kigumu, kimejaa, hakina uboho wa kumvutia fisi, kwa hiyo hudumu pale mifupa mirefu ilipokwisha tafunwa.

Nilikuwa nimebeba msumeno wa chuma. Jamaa akautazama, akanitazama. Akachukua mguu wa mbuzi, akaupinda kidogo, akapitisha ncha ya kisu mara nne, na mguu ukaachia wenyewe. Hakuna mfupa uliokwaruzwa. "Ukisikia kisu kinagonga," akasema, "ujue umepotea njia."

Nimeliandika hilo kwenye daftari la kazi, si kwenye hili la safari.

Nimeondoka na miguu ya nyuma 6 ya mbuzi na 6 ya kondoo. Tembo amerudi mikono mitupu, jambo la kueleweka. Panya kakamata panya wawili stoo ya mwenye nyumba na kapata shukrani juu. Kichwa cha nguruwe kilinunuliwa na Tembo kwenye baa moja ya kitimoto kwa shilingi 15,000, kwa niaba ya Nguruwe, ambaye alisimama ng'ambo ya barabara akitoa maelekezo kwa simu: "Waambie wasipasue taya! Gego la mwisho ndilo ninalotaka!"

Jumatatu

Siku mbaya, na kosa ni langu.

Mifupa huchemshwa taratibu na sabuni ya unga mpaka nyama iachie. Moto ukiwa mkali inapasuka, na dawa ya kung'arishia nguo haitiwi, maana inaula mfupa taratibu hata baada ya kuoshwa. Mama mwenye nyumba alitupa sufuria kubwa la shughuli na sharti moja: lisirudi jikoni kwake. Nikafunga kila mguu kwa uzi na kikaratasi, M ya mbuzi na K ya kondoo, nikatumbukiza vyote pamoja. Panya aliniambia nitumie soksi za nailoni, kila mnyama kwenye soksi yake. Nikamwona anajifanya mjuaji.

Saa kumi jioni nimeopoa vifupa 12 safi, vyeupe, vizuri kabisa, na uji wa karatasi.

Kwa asiyejua, kondoo na mbuzi ni aibu ya muda mrefu ya taaluma hii. Hai, mtoto wa miaka mitatu anawatofautisha. Wakibaki mifupa, watu wazima wenye shahada wanagombana. Miaka ya 1960 watafiti wa Kijerumani waliandika maelezo marefu ya mfupa kwa mfupa kuhusu namna ya kuwatenganisha, na hadi leo bado watu huandika kwenye majedwali yao "kondoo au mbuzi" na kusonga mbele. Daktari hakunigombeza. Alikitazama kimoja, akakigeuza, akakirudisha mkononi mwangu. "Haya, Swala. Watambue."

Mpaka saa nne usiku nilikuwa na mafungu mawili ya sita sita. Nikayachanganya, nikaanza upya bila kuangalia alama nilizoweka. Nikapata saba na tano.

Wenzangu mchana walikwenda Boma, lile jengo la Wajerumani la mwaka 1900 ambalo sasa ni makumbusho ya viumbe na historia ya asili. Wanasema pazuri. Sijui, nilikuwa na sufuria.

Jumanne

Tumetoka Arusha alfajiri, kupitia Kisongo mpaka Makuyuni, kilomita kama 80 za lami tambarare, ng'ombe kushoto na ng'ombe kulia. Makuyuni tumesimama kunywa chai na dereva akaona mifupa ya punda nyuma ya kibanda, imekauka siku nyingi. Daktari akaenda kumtafuta mwenyewe, akamkuta, wakasalimiana kwa dakika nzima kama inavyotakiwa, na tukaruhusiwa kuchukua mguu.

Hapo ndipo Nguruwe alipotoa neno ambalo tumekuwa tukilitafuta mwaka mzima. Kifupa cha punda kina mfereji upande wa juu tu, pale mfupa wa mguu unapotelezea. Chini kimelala bapa. Cha mbuzi, ng'ombe, swala, twiga, hata kiboko, kina mfereji juu na chini. Vitabu vyetu vya Kiingereza vina maneno yao. Nguruwe akashika kile cha mbuzi baina ya vidole viwili: "Hii si roda? Ile ya jahazi, inayopitisha kamba." Ni roda kweli. Wanyama wa kwato mbili wana roda mbili. Punda, pundamilia na farasi wana moja. Kuanzia leo daftari langu linasema roda.

Na roda hiyo hiyo ndiyo iliyomaliza ubishi wa nyangumi. Mwaka 2001 yalitangazwa masalia kutoka Pakistani ya nyangumi wa kale, wa zamani hizo walipokuwa bado na miguu, na vifundo vyao vilikuwa na roda mbili. Nyangumi akaingizwa rasmi kwenye ukoo wa kiboko, ng'ombe na nguruwe. Nilipomweleza dereva alinyamaza mpaka Mto wa Mbu, kisha akauliza kama basi Nguruwe hatakula nyangumi.

Farasi ndio walioanzisha habari yote ya Oldupai kwa wageni. Mwaka 1911 daktari wa Kijerumani, Wilhelm Kattwinkel, aliyekuja kuchunguza malale, alipita kwenye korongo akaokota mifupa, na ndani yake mlikuwa na meno ya farasi wa vidole vitatu ambaye hayupo tena duniani. Berlin walipoyaona wakatuma msafara. Wamasai waliokuwa wakichunga pale hawakuhitaji msafara kujua kwamba mifupa ipo, ila hawakuwa na makumbusho ya kuijaza.

Lango la Lodoare la kuingia Ngorongoro, vibali vikatoka kwenye bahasha, vikahesabiwa, vikarudi. Ukungu ukingoni mwa kreta ulikuwa mzito kiasi kwamba Tembo alipiga picha ya weupe mtupu na bado akaituma nyumbani.

Jumatano

Oldupai.

Jina lenyewe ni la mkonge pori unaoota kila mahali humu. Wajerumani walisikia vibaya wakaandika Olduvai, na ulimwengu ukafuata. Lakini kuna neno moja hawakuliharibu. Vituo vya uchimbaji vya hapa vinajulikana dunia nzima kwa herufi: FLK, BK, DK, SHK, MNK. Nilizisoma mwaka mzima darasani kabla sijauliza K ni nini. K ni korongo. FLK ni Frida Leakey Korongo, MNK ni Mary Nicol Korongo. Profesa yeyote wa Ulaya au Marekani anayetaja FLK, iwe anajua au hajui, kataja neno la Kiswahili.

FLK ndipo mtafiti Mary Leakey alipoliona fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, tarehe 17 Julai 1959. Watu huja kwa ajili ya fuvu hilo. Sisi tulikuja kwa ajili ya mabaki ya chakula yaliyolizunguka: swala wadogo wa aina ya Antidorcas recki, na Parmularius, jamaa wa kongoni. Karibu miaka milioni 1.84 iliyopita mtu, au kitu kilichokuwa njiani kuwa mtu, alikaa hapa na vipande vya mawe makali akachuna nyama. Mwaka 1981 ndipo ilipotangazwa kwamba baadhi ya mifupa ya Oldupai ina alama za kukatwa kwa mawe hayo, mistari myembamba, mara nyingine karibu na viungo. Nilisimama pale nikawaza yule kaka wa Mbauda. Kila mstari kwenye mfupa ni mahali ambapo chombo kiligonga. Kwa kanuni yake, hawa walikuwa bado wanajifunza kazi. Daktari akasema niwe mwangalifu, jiwe si kisu cha chuma, na ana haki. Hata hivyo nimeiandika.

Vifundo vyenyewe havisemi aliyekula tu, vinasema na mahali. Swala wa uwanda wazi anaishi kwa mbio. Kifundo chake kimefungwa kwenda mbele na nyuma. Wa kichakani lazima apinde, aruke gogo, akwepe, na roda yake huwa imelegea zaidi. Ukipima vifundo vingi vya tabaka moja unaweza kusema kama palikuwa na miti au nyasi. Ndiyo tasnifu yangu, kwa kifupi, na ndiyo maana vifupa vyangu 12 vilivyochanganyika vinanikosesha usingizi.

Ila kuna aliyekosea kuliko mimi. Hans Reck, kiongozi wa ule msafara wa Berlin wa mwaka 1913, alichukua kutoka humu mifupa mingi sana, na mingine ilikuwa ya mnyama mkubwa mwenye pembe ambazo kutoka ncha hadi ncha zilipita mita 2. Pembe zilivyojipinda zilimfanya aamini ni kondoo. Mwaka 1928 akampa jina Pelorovis, yaani kondoo wa kutisha. Sio kondoo. Ni wa ukoo wa ng'ombe na nyati, na sheria za kutoa majina hazifuti jina kwa sababu tu halina ukweli, kwa hiyo anaendelea kuitwa kondoo mpaka leo. Nimecheka peke yangu mbele ya kabati la kioo la makumbusho mpaka mlinzi akasogea.

Alhamisi

Laetoli, kama kilomita 45 kusini, kwa barabara iliyokunjamana kama bati. Sikutegemea kuona kitu, na kwa macho hakuna cha kuona: nyayo maarufu za mwaka 1978, za wale watu wa miaka milioni 3.66 iliyopita, zilifukiwa tena miaka ya 1990 ili mizizi na mvua zisizile, na juu yake pamepangwa mawe meusi ya volkano. Unasimama mbele ya rundo la mawe na kuambiwa ziko chini. Tembo alisema ni kama kuzuru kaburi.

Mimi nilipapenda. Kwanza kwa sababu ya namna zilivyogunduliwa: mwaka 1976 watafiti wageni, watu wazima, walikuwa wakirushiana mavi makavu ya tembo, Andrew Hill akaanguka akikwepa, na akiwa chini akaona nyayo za wanyama kwenye tabaka gumu la majivu. Pili kwa sababu ya wanyama wenyewe. Majivu ya volkano yalidondoka, mvua ikayalowesha, wanyama wakapita, jua likakausha, majivu mengine yakafunika. Hata matone ya mvua yaliacha alama. Na kundi kubwa la nyayo hizo, mamia kwa maelfu, si la tembo wala faru wala watu. Ni sungura, kisha swala wadogo kama digidigi. Kiboko hayupo kabisa katika tabaka zile, wala mamba, kwa hiyo hapakuwa na maji ya kudumu. Wale wanaotembea kwa miguu miwili kwenye picha zote za vitabu walikuwa wanavuka uwanja wa sungura.

Mwaka 2016 yalitangazwa mapito mengine ya nyayo za watu, kama mita 150 kutoka yale ya kwanza, na timu iliyoongozwa na Profesa Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hawakuwa wakitafuta. Walichimba mashimo ya kukagua mahali palipopendekezwa kujengwa makumbusho. Daktari alituhadithia hili mara mbili, kwenda na kurudi.

Ijumaa

Springi imekatika. Tumekaa kandokando ya njia kuanzia saa tatu hadi saa tisa tukisubiri dereva arudi na nyingine.

Katika kusubiri, Nguruwe alitoa mhadhara ambao hakuna aliyeuomba. Gego la mwisho la nguruwe wa Afrika Mashariki lilizidi kurefuka na kuinuka kadiri miaka ilivyopita, kwa sababu walihamia kula nyasi ngumu. Kwa hiyo gego ni kama kalenda. Miaka ya 1970 kulikuwa na ugomvi mkubwa kuhusu tabaka la majivu ya volkano liitwalo KBS, mashariki mwa Ziwa Turkana. Maabara ilisema lina miaka milioni 2.6. Watu wa nguruwe wakasema haiwezekani, nguruwe wa pale wanalingana na wale wa bonde la Omo, Ethiopia, wa miaka kama milioni 2. Maabara ikarudia vipimo. Sasa inajulikana ni kama milioni 1.9. "Mashine ilishindwa na nguruwe," akasema, kifua mbele. Anaisimulia hii kila safari.

Mzee mmoja alisimama na mbuzi wake kututazama. Tukamwamkia, akaitikia. Nikaona hii ndiyo nafasi. Mtu aliyechunga na kuchinja maisha yake yote! Nikafungua kitambaa, nikamwekea vifupa 12 mbele yake, nikamwomba anitenganishie mbuzi na kondoo.

Akachukua kimoja. Akakinusa. Akakirudisha.

"Mmekichemsha," akasema. "Niletee chenye ngozi."

Daktari alicheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi

Tumerudi mjini saa sita mchana. Wenzangu wamelala. Mimi nimetumia mchana mzima na kioo cha kukuzia, nikifuata yale maelezo ya Wajerumani kipengele kwa kipengele: ukingo wa ndani, pembe ya chini, kijivimbe cha pembeni. Safari hii nimepata vitano kondoo, vitano mbuzi, na viwili ambavyo vinanicheka.

Jioni nikarudi Mbauda. Kaka wa bucha alinikumbuka. Nikamwonyesha vile viwili.

"Sasa dada, mimi kondoo namjua kwa mkia. Hapa tunamning'iniza na mkia wake, mteja aone hajauziwa kitu kingine. Ukishamkata mkia mimi simjui."

Akavigeuza tena, akatikisa kichwa. Akaniuliza tunaondoka lini. Kesho, basi la saa kumi na mbili.

Jumapili

Stendi, giza bado, pumzi zinatoa moshi. Bodaboda ikasimama mbele yetu na kijana akauliza nani Swala. Akanikabidhi mfuko mweusi. Ndani mlikuwa na miguu minne ya nyuma, kwato na manyoya vikiwepo. Miwili imefungwa pamoja kwa kamba ya katani, na kwenye fundo kaning'inizwa mkia mzima wa kondoo, mnene, wenye mafuta. Ile mingine miwili haina kitu.

Konda akauliza ule mfuko una nini, maana unadondosha. Panya, bila kunitazama, akatoa soksi mbili za nailoni mfukoni akanipa.